Je, wajua kwa nini Jumba la Sursock la Beirut lilifunguliwa upya mara mbili ndani ya miaka 8?

Katika mtaa wa Achrafieh, mjini Beirut, kuna jumba jeupe lenye ngazi mbili za mbele na madirisha makubwa ya vioo vya rangi. Mchana vioo hivyo humwaga rangi sakafuni. Usiku taa zikiwashwa ndani, jumba zima huonekana kama fanusi iliyowekwa kando ya barabara.

Ni Jumba la Makumbusho la Sursock, nyumba ya sanaa ya kisasa ya Lebanon na nchi za Kiarabu. Lilifungwa mwaka 2008 ili likarabatiwe, likafunguliwa Oktoba 2015. Mwaka 2020 likafungwa tena, na tarehe 26 Mei 2023 milango ikafunguliwa kwa mara nyingine. Kwa nini jumba lililokarabatiwa kwa miaka saba lihitaji kukarabatiwa tena baada ya miaka mitano tu? Na kwa nini mara ya pili ichukue karibu miaka mitatu, wakati kuta zilikuwa bado zimesimama?

Tuanze na mwenyewe. Nicolas Sursock alilijenga mwaka 1912 liwe makazi yake. Alipenda sanaa, na alipofariki mwaka 1952 wosia wake uliukabidhi mji wa Beirut jumba hilo ili liwe mahali pa kuonyeshea kazi za wasanii. Mwaka 1961 wosia ukatimia. Tangu hapo wachoraji na wachongaji wengi wakubwa wa Lebanon wamepita hapo: Saloua Raouda Choucair, Shafic Abboud, Etel Adnan, Paul Guiragossian. Wengine walipita wakiwa bado hawajulikani, wakiingiza kazi zao kwenye maonyesho ya kila mwaka ya jumba hilo ili zishindanishwe.

Kufikia 2008 jumba lilikuwa limeelemewa. Kazi ni nyingi, vyumba ni vilevile vya makazi ya mtu mmoja. Kuongeza ghorofa juu kungeliharibia sura, kwa hiyo wasanifu Jean-Michel Wilmotte na Jacques Aboukhaled wakaenda chini. Wakachimba bustani, wakajenga ghorofa nne ardhini: ukumbi wa maonyesho, maktaba, karakana ya kutunzia michoro na maghala. Eneo likapanda kutoka mita za mraba 1,500 hadi 8,500, na anayepita barabarani asione tofauti yoyote. Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya jumba hili, na wakati ule hakuna aliyejua utakuja kuokoa nini.

Tarehe 4 Agosti 2020, saa 12 na dakika chache jioni, tani zipatazo 2,750 za amoniamu naitreti zililipuka katika ghala la bandari ya Beirut. Watu zaidi ya 200 walifariki na maelfu wakajeruhiwa. Sursock liko kama mita 800 kutoka hapo.

Mlipuko wa namna hiyo husukuma hewa kwa nguvu kama ukuta unaokimbia. Ukuta wa mawe mazito hupigwa na kubaki, lakini kioo hakijui kupinda, kwa hiyo hupasuka. Na hewa ikishapita, nyuma yake hubaki upungufu wa hewa unaovuta kila kitu kurudi upande wa ulikotoka mlipuko. Yaani mlango husukumwa ndani, kisha huvutwa nje. Ndiyo maana majumba mengi ya Beirut yalibaki yamesimama huku ndani mkiwa hamna mlango, dirisha wala dari.

Ndivyo ilivyokuwa Sursock. Madirisha ya rangi yote yalikwenda. Dari zilishuka. Chumba cha Kiarabu cha ghorofa ya kwanza, ambacho mbao zake za nakshi zililetwa kutoka Damascus, kilivunjwavunjwa. Na vile vioo vilivyokuwa uzuri wa jumba vikageuka visu: kazi za sanaa zaidi ya 50 zilizokuwa zimetundikwa au kusimamishwa kwenye kumbi zilipigwa na kuharibiwa.

Kule chini, kwenye maghala yaliyochimbwa kabla ya 2015, hali ilikuwa nyingine kabisa. Sehemu kubwa ya mkusanyiko ilikuwa imehifadhiwa humo, pamoja na hazina ya picha za zamani zilizokusanywa na Fouad Debbas, zaidi ya picha 30,000 za Mashariki ya Kati, na ilisalimika. Kama maghala yale yangekuwa juu, karibu na madirisha, leo tungekuwa tunazungumzia msiba mwingine.

Sasa ile miaka mitatu. Ufundi wa jengo, yaani plasta, milango na nyaya, huenda haraka fedha zikiwepo, na zilitoka sehemu mbalimbali: Italia kupitia UNESCO ilitoa karibu dola milioni moja, na ALIPH, mfuko wa kimataifa wa kulinda urithi wa kitamaduni, pamoja na Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa wakachangia pia. Ila hii ilikuwa Lebanon ambayo sarafu yake ilikuwa imeporomoka na umeme wa serikali, kwa vipindi virefu, ulipatikana saa moja au mbili kwa siku. Makumbusho haiwezi kukaa hivyo. Turubai na mbao huvuta unyevu wa hewa na kuuachia. Zikivimba na kusinyaa mara kwa mara, rangi hupasuka na kubanduka. Kabla ya kutundika mchoro hata mmoja, ni lazima hewa ya chumba itulie.

Halafu kuna kazi isiyoharakishwa. Dirisha la kioo cha rangi si kioo kimoja kilichopakwa rangi. Ni vipande vingi, kila kimoja kimekatwa kwa kufuata kiolezo, vikaunganishwa kwa vijiti vyembamba vya madini ya risasi vyenye mfereji kila upande. Kipande huchomekwa kwenye mfereji, kingine hufuata, maungio hulehemiwa, kisha nafasi hujazwa simenti laini ili maji na upepo visipite. Kipande kikizidi milimita mbili, safu nzima inakataa kukaa. Aliyefanya kazi hii ni Maya Husseini, fundi wa vioo wa Lebanon. Ni yeye huyohuyo aliyeshughulikia madirisha ya jumba hili katika ukarabati ulioisha 2015. Aliona kazi ya miaka yake mingi, hapo na katika majengo mengine ya mji, ikimwagika chini kwa sekunde chache, naye akaketi kuanza kipande cha kwanza upya.

Na michoro? Mitatu ilipelekwa Paris, kwenye mafundi wa Centre Pompidou, jumba kubwa la sanaa ya kisasa. Mmoja ni picha ya Nicolas Sursock mwenyewe, iliyochorwa na Kees van Dongen. Mwingine ulichorwa na Cici Sursock. Wa tatu ni wa Guiragossian, mtoto wa Waarmenia waliokimbia mauaji ya halaiki. Mchoro huo unaitwa Faraja.

Turubai ni kitambaa, na kitambaa kikichanika nyuzi zake hukunjamana na kusambaa. Fundi haanzi na rangi. Huanza kwa kuulainisha ukingo wa mchaniko kwa unyevu kidogo mpaka nyuzi zinyooke. Kisha, chini ya hadubini, hutafuta uzi wa upande huu na mwenzake wa upande ule, akaunganisha ncha kwa ncha kwa tone la gundi, pengine gundi ya samaki iliyochanganywa na wanga wa ngano. Uzi mmoja, halafu unaofuata, wa wima kwanza au wa mlalo, kwa mamia. Siku nzima inaweza kuisha kwa urefu wa kidole. Kitambaa kikishashikana ndipo shimo la rangi hujazwa, na juu yake hupakwa rangi inayoweza kuondolewa baadaye bila kugusa ile ya msanii. Sharti hilo la mwisho ni la heshima: fundi hana ruhusa ya kuchora mahali pa mchoraji.

Michoro hiyo ilirudi Beirut, na jumba likafunguliwa kwa maonyesho kadhaa kwa mpigo, likiwa chini ya mkurugenzi Karina El Helou. Kuingia ni bure. Ukibahatika kufika, ingia mchana umwone bwana Sursock kwenye turubai yake, utafute kwa macho mahali ilipochanika. Kisha toka, usubiri upande wa pili wa barabara mpaka giza liingie na taa ziwashwe.