Je, wajua kwa nini kikomo peke yake hakizuii mtambo unaojifunza kuvuka mpaka?

Wengi hudhani inatosha kuandika mstari mmoja kwenye programu ya roboti: ukifika hapa, kata amri. Hata wahandisi hunaswa na dhana hii, nayo ina makosa mawili.

La kwanza ni la fizikia. Kikomo huangalia mtambo ulipo, si kasi unayoujia nayo mpaka. Roboti yenye breki zinazopunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde huhitaji mita 10 kusimama ikiwa inakwenda mita 10 kwa sekunde. Ikienda 20, huhitaji mita 40. Kuiamuru isimame ikiwa mita moja kutoka ukutani ni amri sahihi iliyochelewa.

La pili ni la ujifunzaji. Kikomo kikibana amri, sehemu inayojifunza haina habari. Inaona matokeo hafifu, inaamini nguvu haikutosha, inaongeza. Kosa linalofanana na hili lilionekana Marekani tarehe 15 Novemba 1967: ndege ya majaribio X-15 ilipokuwa ikirudi kwenye hewa nzito, mitikisiko iliuzuia mfumo wake wa kujirekebisha, MH-96, kupunguza ukali wa amri. Ndege ilivunjika angani na rubani Michael Adams akafa. Haikuwa sababu pekee. Kabla ya hapo kulikuwa na hitilafu ya umeme, na ndege ilishapoteza mwelekeo.

Dawa yenyewe ni fupi ajabu. Chukua nafasi iliyobaki hadi mpaka, uiite h, kisha weka sharti: h isipungue haraka kuliko k mara h, ambapo k ni namba anayoichagua mbunifu. Ni kama kuuendea ukuta gizani, hatua zikifupika kadiri unavyoukaribia. Kwa k ya 0.5 kwa sekunde, ukiwa mita 8 unaruhusiwa mita 4 kwa sekunde; ukiwa mita 2, mita 1; ukiwa sentimita 10, sentimita 5. Kwenye karatasi, ukuta haufikiwi kamwe. Kwa roboti yetu ya breki, h si umbali mtupu: toa kwanza umbali wa kusimama, yaani kasi mara kasi, gawanya kwa mara mbili ya kiwango ambacho breki hupunguza mwendo.

Kila mzunguko wa kompyuta, mjifunzaji, yaani ile sehemu inayojifunza, hupendekeza amri. Ikitimiza sharti, hupita bila kuguswa. Isipotimiza, kichujio, yaani sehemu ya programu inayolinda sharti, hutafuta amri iliyo karibu nayo zaidi inayotimiza. Muhimu: mjifunzaji apewe taarifa ya amri iliyotekelezwa, si aliyoipendekeza.

Kinachoharibu ni saa. Kompyuta ikipima kila sekunde 0.1 huku k ni 30, hatua moja yaruhusiwa kuwa mara tatu ya nafasi iliyobaki, na roboti inapita ukutani kwa idhini kamili ya fomula. Kwa hiyo k mara muda wa kupima isizidi 1. Uzito au msuguano usipojulikana vizuri, hukatwa akiba ya makosa kwenye h. Akiba hiyo ikizidi, roboti hugoma kusogea. Kukiwa na mipaka miwili inayogongana, huenda isiwepo amri yoyote inayofaa, na mbunifu lazima awe ameamua mapema ni upi utakaolegezwa.