Kompyuta Inapobadili Sauti: Kelele Hiyo Ina Maana Gani?

Kompyuta ya mezani ina mvumo wake, na aliyeizoea huujua kama anavyoijua feni ya darini kwake. Kelele ya hitilafu ni sauti iliyozidi juu ya mvumo huo, au mvumo wenyewe uliogeuka. Kuitambua hakuhitaji kubahatisha, kwa sababu ndani ya kasha vinavyozunguka ni vichache, hasa feni na diski inayohifadhi mafaili. Feni huwa ya prosesa (ubongo wa kompyuta), ya pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme), ya kasha lenyewe, na ya kadi ya picha kama ipo. Diski ikiwa ni SSD, yaani ile inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka, basi usiishuku.

Hapa Mombasa anza na feni. Upepo wa bahari unaoingia madirishani Kibokoni au Likoni hubeba chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Vumbi likilowa namna hiyo halipeperuki tena, hugandamana kwenye mabawa ya feni na katikati ya vyuma vinavyopoza prosesa. Feni ikikosa mizani hutetemeka. Prosesa ikishika joto, feni hukimbizwa zaidi. Ndiyo maana mvumo hupanda mchana wa kaskazi, chumba kikiwa tanuri. Dawa yake ni kusafisha. Ukitumia blowa, yashike mabawa yasizunguke, maana upepo wake waweza kuyakimbiza kuliko yalivyoundiwa, na beringi ndiyo inayoumia.

Mkwaruzo wa krrr usiokatika, hasa kasha likiwa limefunguliwa karibuni, mara nyingi ni waya uliogusa feni. Sauti ya kusaga inayosikika ukiwasha asubuhi, kisha ikapoa baada ya dakika chache, huelekea kwenye beringi iliyokauka mafuta. Zima, chomoa plagi, izungushe feni kwa kidole: nzima huteleza kimya, mbovu hukwaruza au hulegalega. Ibadilishe tu. Mafuta ya cherehani yataituliza siku chache, halafu itarudia. Pawasaplai usiifungue hata kama kelele imo humo, kwa kuwa kapasita zake, yaani vihifadhi umeme, huweza kubaki na stima hata baada ya plagi kuchomolewa.

Hujui inatoka upande gani? Kunja karatasi iwe kama bomba, tia ncha moja sikioni, nyingine ipitishe karibu na kasha kwa nje. Ukilibonyeza kasha kwa kiganja na sauti ikakatika, ni bati au skrubu iliyolegea.

Mlio mwembamba kama wa mbu, unaokuja ukicheza gemu nzito, ni koili za umeme zinazotetemeka. Unakera, lakini kwa kawaida haudhuru. Milio ya bip inayojirudia unapowasha ni mashine ikitaja kasoro, mara nyingi ya memori. Tafsiri yake hutegemea mtengenezaji wa bodi.

Sauti ninayotaka sana kila mtu aijue ni ya diski ya sahani. Sahani zake kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusoma huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, bila kuzigusa. Vijimlio vyepesi visivyo na mpangilio wakati faili inafunguka ni kazi ya kawaida. Lakini tak, tak, tak yenye mapigo sawasawa, huku kompyuta imeganda, mara nyingi ni kichwa kinachotafuta njia yake, kikaikosa, kikarudi mwanzo na kujaribu tena. Stima hafifu au kebo mbovu nayo huweza kuleta mlio huo, ila usianze kwa kuchunguza. Maadamu bado inasoma, nakili kwanza picha za harusi, hesabu za duka, kazi za shule. Feni hununuliwa nyingine siku hiyohiyo. Yaliyomo kwenye diski hayauzwi popote. Na ikiwa haisomi tena, izime uipeleke kwa fundi wa kurejesha data bila kuiwasha njiani kujaribu bahati, kwani kila ikiwaka kichwa kilichoharibika huweza kuparuza sahani upya.