Msikilize Anapowapisha Wenzake: Rostropovich na Koncheto ya Dvořák

Wanafunzi wangu wa chelo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, huniuliza waanze na rekodi ipi. Jibu langu halibadiliki: Koncheto ya Chelo (kazi ya chelo moja mbele ya okestra) ya mtunzi Mcheki Antonín Dvořák katika ngazi ya B maina, opus 104, ikipigwa na mpigaji chelo wa Kisovieti Mstislav Rostropovich ndani ya Royal Albert Hall, London, tarehe 21 Agosti 1968. Kisha nawapa sharti moja ambalo mwanzoni huwashangaza. Wasimsikilize sana pale anapotamba. Wamsikilize pale anapowaachia wengine lahani, kwa sababu koncheto hii imeandikwa hivyo, na mpigaji asiyelijua hilo ataicheza yote bila kosa na bado ataikosa.

Sisi tuliolelewa na taarabu ya Unguja tunaijua chelo, lakini tunaijua ikiwa kundini. Inakwenda na fidla katika lahani ile ile, sauti chini, na inaipa okestra nzima mwili. Ni mara chache tunaisikia ikisimama mbele peke yake. Ulaya nako, kwa muda mrefu, watunzi wengi waliogopa kuisimamisha mbele ya okestra kubwa, na hofu yao ilikuwa na msingi.

Chelo ina nyuzi nne: Do, Sol, Re na La, kutoka mnene hadi mwembamba. Uzi mnene ukiachwa wazi hutetema mara 65 hivi kwa sekunde, mwembamba mara 220. Hilo ni eneo la sauti ya binadamu anayezungumza au kuimba, na ndiyo sababu chelo hutuingia upesi. Lakini eneo hilo hilo limejaa watu: honi, basuni, klarineti, viola, tromboni. Fidla ikitaka kusikika hupanda juu ya okestra nzima. Chelo haina pa kukimbilia. Ikilazimishwa kushindana inakwaruza, na bado haisikiki.

Dvořák aliijua taabu hii. Mwaka 1865, akiwa kijana, aliandika koncheto ya chelo katika A meja na kuiacha na piano tu, bila sehemu za okestra. Karibu miaka 30 ikapita kabla ya kujaribu tena. Kilichomgeuza alikisikia New York, alikokuwa mkurugenzi wa chuo cha muziki, National Conservatory, tangu 1892. Mwenzake pale, Victor Herbert, alikuwa mpigaji chelo hodari, na Machi 1894 alipiga koncheto yake mwenyewe ya pili pamoja na New York Philharmonic. Dvořák alikuwepo. Novemba mwaka huo huo akaanza ya kwake, na tarehe 9 Februari 1895 akaimaliza.

Dawa aliyoipata si ya kuinyamazisha okestra. Ndani ya koncheto hii mna tromboni tatu na tuba. Alichokifanya ni kugawa mazungumzo. Chelo inapoimba, wanaoisindikiza ni wachache: filimbi hapa, klarineti pale, nyuzi zikinong'ona chini. Na mara nyingi anabadilisha nafasi zao, lahani inakwenda kwa filimbi au klarineti, na chelo, mwenye shughuli, anakuwa msindikizaji.

Sikiliza sehemu ya kwanza. Kwa karibu dakika tatu na nusu hakuna chelo. Okestra inaitangaza lahani kuu, ambayo klarineti ndizo zinazoianza, chini na kwa ukimya. Baadaye honi moja inaleta ya pili, na kwangu mimi hakuna lahani nzuri kuliko hiyo katika kazi zote za Dvořák. Mpigaji chelo ameketi mbele ya watu wote na hana la kufanya. Anapoingia hatimaye, maelekezo ya mtunzi yanamtaka apige kwa uthabiti, na pia kama mtu anayebuni papo hapo. Mambo hayo mawili hayapatani kirahisi. Wengi huchagua moja: ama wanaupiga mlango teke, ama wanachezacheza na mwendo hadi lahani inapoteza mifupa. Rostropovich anaingia na uzito wa bega zima juu ya uzi, lakini mwisho wa kila sentensi anaachia kidogo, kana kwamba anafikiri iendelee vipi. Mwendo hauvunjiki.

Kisha nenda katikati ya sehemu hiyo, pale chelo inaporudia lahani kuu polepole sana, ikiwa imehamia mbali, katika A-flati maina. Usiisikilize chelo peke yake. Juu yake filimbi inasuka lahani nyingine, na wawili hao ni sawa kwa sawa. Mpigaji mwenye sauti kubwa anaweza kuifuta filimbi hapa bila hata kukusudia. Rostropovich alikuwa na sauti kubwa kuliko wengi wa zama zake, kwa hiyo kujizuia kwake kunasikika waziwazi.

Muda mfupi baadaye inakuja kazi ambayo kila mwanafunzi huiogopa: okteva, yaani noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, zikipigwa pamoja, zinazopanda nusu hatua kwa nusu hatua, juu, juu zaidi. Niieleze kwa mkono. Gumba la kushoto linatoka nyuma ya shingo ya chelo na kulazwa ubavu juu ya nyuzi mbili. Kidole cha tatu kinashika noti ya juu kwenye uzi wa pili. Vidole hivyo viwili lazima vibaki okteva moja, lakini kadiri unavyopanda nafasi kati yao inapungua, kwa hiyo mkono unajibana kila hatua huku unakimbia. Kosa la unene wa kadi kila sikio litalisikia. Na yote hayo ya nini? Juu kabisa, kwenye kilele, chelo inanyamaza, na okestra nzima inaidaka ile lahani ya honi, sasa katika B meja, kwa nguvu zake zote. Kazi ngumu kuliko zote katika sehemu hii inafanywa ili kumkabidhi mwingine. Mpigaji anayezipanda okteva hizo ili apigiwe makofi huzipunguza mwendo mwishoni, watu waone. Anayejua anakokwenda huzidi kusukuma mbele hadi okestra impokee.

Hanuš Wihan, mpigaji chelo ambaye Dvořák alimtunukia kazi hii, alitaka sehemu ya tatu iwe na kadenza, yaani pale ambapo okestra inanyamaza na fundi anaonyesha ufundi wake peke yake. Dvořák alikataa katakata, na akamwandikia mchapishaji wake, Simrock, kwamba hataki mabadiliko bila idhini yake. Naona alikuwa na haki. Hata katika sehemu ya pili, kwenye kipande kinachofanana na kadenza, filimbi iko pale pembeni ya chelo.

Katika sehemu hiyo ya pili mna jambo la ndani zaidi. Akiwa New York, Dvořák alipata habari kwamba shemeji yake Josefina anaumwa sana. Ujanani alikuwa amempenda Josefina kabla ya kumwoa mdogo wake, Anna. Akachukua lahani ya wimbo wake wa zamani ambao Josefina aliupenda, akaipa chelo, mara tu baada ya okestra kulipuka kwa G maina. Josefina alifariki Mei 1895, Dvořák akiwa amekwisha kurudi kwao Bohemia. Akaufungua upya mwisho wa koncheto na kuuandika tena.

Huo mwisho ndio kipimo changu. Sehemu ya tatu imekwenda kwa hatua za maandamano, na unategemea ifunge kwa kishindo. Badala yake kasi inashuka. Fidla ya mpigaji fidla mkuu wa okestra inauimba ule wimbo wa Josefina, peke yake, na chelo inakwenda chini yake. Klarineti zinakumbuka lahani ya kwanza kabisa. Chelo inazidi kufifia kama pumzi, kisha kwenye noti yake ya mwisho inafura tena kutoka kimya, na okestra inamalizia kwa dhoruba.

Noti ndefu inayofura ni hesabu ya upinde. Ukivuta kutoka kwenye kitako, pale mkono unapoushika upinde, kwenda nchani, uzito wa mkono unapungua wenyewe, na sauti inapungua nao. Ukisukuma kutoka nchani kwenda kitakoni, uzito unaongezeka. Kwa hiyo unaanza nchani, singa za upinde zikiugusa uzi kidogo tu, mbali na daraja, yaani kile kibao kinachozibeba nyuzi, upinde ukienda taratibu. Kisha unauongezea kasi, unausogeza karibu na daraja, unaruhusu mkono uwe mzito. Ukiwahi mno, upinde unakwisha kabla ya noti. Ukichelewa, unalazimika kubonyeza na sauti inakwaruza. Rostropovich huanza na sauti isiyo na mtetemo mwingi wa kidole, karibu kavu, na uhai unaingia humo kidogo kidogo.

Usiku ule wa 1968 hayo yote yalikuwa na uzito mwingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo majeshi ya Mkataba wa Warsaw, yakiongozwa na Umoja wa Kisovieti, yalikuwa yameingia Chekoslovakia. Ratiba ya London ilikuwa imepangwa zamani: okestra ya taifa ya Kisovieti chini ya Yevgeny Svetlanov, mpigaji wa Kisovieti, muziki wa Mcheki. Nje watu waliandamana, na ndani zilisikika kelele za kupinga. Rostropovich hakuwa mgeni Praha. Alishinda mashindano huko mwaka 1950, alirekodi koncheto hii hii na mwongozaji okestra Václav Talich mwaka 1952, na huko ndiko uchumba wake na mwimbaji Galina Vishnevskaya ulikoanzia mwaka 1955. Alipiga huku machozi yakimtoka. Mwisho aliinua juu karatasi za muziki wa Dvořák mbele ya ukumbi mzima, kisha akapiga Sarabande, ngoma ya polepole, ya Bach katika D maina.

Watu husema usiku ule chelo ilipigana na okestra ya dola. Mimi sisikii hivyo, na nimeisikiliza rekodi hiyo kwa miaka mingi. Ni kweli ina haraka na ukali ambao hauko katika rekodi yake na mwongozaji okestra Karajan ya mwaka huo huo, iliyo pana na iliyotulia. Lakini fikia pale kwenye filimbi, au kwenye fidla ya mwisho. Wapigaji wale hawakuchagua vifaru, na Rostropovich anawapisha kila mmoja kwa zamu yake, anawasikiliza, anawajibu. Uchungu wake hakuumwaga juu yao.

Ukishaizoea hiyo, tafuta ya Pablo Casals, iliyorekodiwa Praha mwaka 1937 na Czech Philharmonic chini ya George Szell. Sauti ya rekodi ni ya kizamani na mwendo ni wa kasi kuliko utakavyotarajia. Anza moja kwa moja na sehemu ya tatu, na subiri fidla iingie.