Ofisi ya Ustawi wa Jamii Hospitalini: Usisubiri Bili Itoke

Malalamiko yanayotufikia sisi maafisa wa ofisi za ustawi wa jamii hospitalini yanafanana mno. Mgonjwa ameruhusiwa asubuhi, bili imetoka mchana, na jioni ndugu wanakuja wakitaka "wafutiwe". Wakielezwa kuwa kuna utaratibu, wanaondoka wakilalamika kuwa wamenyanyaswa. Wengi wanaokwama hivyo ni wagonjwa wa figo, kisukari, saratani, selimundu na moyo, yaani watu watakaorudi hospitalini miaka na miaka. Ndiyo maana ni muhimu umma uelewe ofisi hii inafanya nini, na zaidi ya hapo, inafikiwa lini.

Inafikiwa wiki ile ile daktari anapoutaja ugonjwa. Mwombe muuguzi wa wodi au wa kliniki akuelekeze kwetu; hospitali nyingi zinaruhusu pia uje mwenyewe. Si lazima uwe na deni.

Chukua mgonjwa anayeanza kusafishwa damu. Kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara, hujahesabu safari wala uchovu unaofuata. Mtu huyo ana ajira, ana watoto, na anayemsindikiza naye ana shughuli zake. Tukimpata mwanzoni tunaweza kuzungumza na kitengo apewe zamu isiyogongana na kazi, tukamwandalia maelezo ya kumpelekea mwajiri kwa ridhaa yake, tukaangalia bima au mafao anayostahili. Akija baada ya miezi 6, mara nyingi ameshaacha kazi, na kama bima ilitokana na kazi hiyo, nayo imekwenda. Hapo kinachobaki mezani ni fomu ya msamaha wa gharama tu.

Au mgonjwa wa kisukari ambaye faili lake limeandikwa "hafuati masharti". Ukikaa naye bila haraka, unagundua nyumbani hakuna friji, na ameambiwa insulini ambayo haijafunguliwa ihifadhiwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Hakuna aliyemweleza kwamba nyingi zikishafunguliwa huweza kukaa nje ya friji takribani wiki 4 kama hakuna joto kali, kwa kufuata maelekezo ya aina anayotumia. Kwa kuogopa kuwa imeharibika, ameacha kuitumia. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 ilieleza kuwa hata katika nchi tajiri, ni takribani nusu tu ya wagonjwa wa muda mrefu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Nusu ya watu hawawezi wote kuwa wakaidi, na hili nawaambia pia wenzetu wa wodini.

Nakiri kwamba dhana ya kutuona walinzi wa fedha ina asili yake. Mwaka 1895, Mary Stewart, mtangulizi wetu katika kazi hii, alipoajiriwa katika hospitali ya Royal Free, London, kazi yake kubwa ilikuwa kuchuja nani anastahili kutibiwa bure. Mwaka 1905, daktari Richard Cabot wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, alianzisha huduma ya namna nyingine kwa sababu aliona hawezi kumtibu mtu bila kujua mtu huyo anaishije. Kazi ya leo imebeba mambo yote mawili, lakini wananchi wanakumbuka la kwanza tu.

Sasa tathmini, ambayo ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi. Tunauliza kipato, idadi ya wanaokutegemea, makazi, bima, na nani anakuhudumia nyumbani. Tunaweza kuomba vielelezo, kupiga simu au kuja nyumbani kwako. Maswali hayo hayaulizwi kwa udaku. Pendekezo letu linakaguliwa, na lisilo na ushahidi hurudishwa. Masharti yanatofautiana kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo alichopata jirani yako kwingine hakitulazimishi sisi. Na afisa ustawi hufanya tathmini na kupendekeza. Mara nyingi anayeidhinisha ni mwingine. Kumfokea hakuongezi kasi.

Ukitoa taarifa za uongo, msamaha unaweza kufutwa, ukadaiwa gharama zote, na suala likapelekwa kwenye vyombo vya sheria. Kutumia kadi ya bima ya ndugu ni kosa la namna hiyo hiyo, lenye hatari ya ziada: matibabu yako yanaingia kwenye kumbukumbu zake. Kundi lako la damu, mzio wako na dawa zako vinasomeka kuwa vyake. Siku akiletwa hajitambui, atahudumiwa kwa kumbukumbu za mtu mwingine. Kila mara tunaambiwa, "Lakini ni mdogo wangu wa damu." Undugu haubadilishi kumbukumbu.

Wapo pia wanaomleta mzee, wanaacha namba ya simu isiyopatikana, wanatoweka. Kama mzigo umewashinda, semeni. Anayemuuguza mgonjwa nyumbani akachoka ni mteja wetu sawa na mgonjwa, na anaweza kuja peke yake.

Kuhusu siri: mwajiri, mume, mke au mchungaji hatapewa habari za mgonjwa mtu mzima mwenye uwezo wa kuamua bila ridhaa yake. Sheria huweka vighairi vichache, hasa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini au mtoto anapodhuriwa, na tunamweleza mgonjwa hivyo tangu mwanzo. Kuelekezwa kwetu hakumaanishi umeonekana maskini au una matatizo ya akili. Ingawa, kwa kuwa sonona huwapata watu wenye kisukari zaidi kuliko wasio nacho, tutakuuliza pia unalalaje na kama umekata tamaa. Jibu kweli.

Jambo la mwisho ni la watu waliokataliwa. Msamaha kwa kawaida ni wa kipindi, na hali ikibadilika unaweza kufanyiwa tathmini upya. Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi, uliza ombi la mapitio linapelekwa kwa nani, kisha ambatisha kielelezo kilichokosekana badala ya kurudia barua ile ile. Wakati unasubiri majibu usiache kliniki. Ukikosa nauli au dawa kabla majibu hayajatoka, tuambie siku hiyo hiyo.