"Babu kaa, usijichoshe": tunavyokosea kuhusu mapafu na miguu

"Babu kaa, usijichoshe." Husemwa kwa upendo kwenye nyumba yenye mtu aliyeugua mapafu miaka mingi: aliyepona TB ikamwachia makovu, aliyevuta sigara, mama aliyepikia kuni tangu usichana. Lakini kukalishwa huko ndiko kunakomwangusha. Msuli usiotumika hunywea, na ulionywea huchoka upesi na kumfanya aheme zaidi kwa kazi ileile. Leo anahema kwenye ngazi; akikalishwa miezi kadhaa atahema akienda msalani. Pengine mapafu hayajabadilika sana, miguu ndiyo iliyoisha nguvu. Mazoezi yanayosimamiwa hayafuti makovu, ila huirudishia miguu nguvu, na kuhema kukapungua. Hospitali ya Mulago, Kampala, watu waliobaki na madhara ya TB kifuani walifanyishwa mazoezi kwa wiki 6, wakaweza kutembea mbali zaidi. Nawasihi mnaouguza: kuhema kwa kutembea hakuna maana kwamba mapafu yanazidi kuharibika.

"Kapuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, inatosha." Haitoshi. Kupuliza huonyesha hewa inavyotoka, hakuonyeshi kama mtu atafika sokoni na kurudi. Wawili wenye majibu yanayofanana, mmoja analima bustani yake, mwingine hatoki uani. Ndiyo sababu ya kipimo cha kutembea dakika 6, ambacho kinataka korido iliyonyooka ya mita 30, koni mbili, saa, kiti, na kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Hospitali ya wilaya inakiweza.

"Usisimame, utafeli!" Hapa ndugu waliosindikiza hukosea sana. Hakuna kufeli. Mgonjwa hujichagulia mwendo. Akizidiwa anasimama, anaegemea ukuta, kisha anaendelea akiweza, ila saa haisimamishwi. Mpimaji naye hatangulii mbele kumvuta wala hashangilii. Hutamka maneno yaleyale yaliyopangwa, kwa kuwa shangwe humwongezea mtu mita, na mita za shangwe haziwezi kulinganishwa na za mwezi ujao. Kwa sababu hiyo hiyo mwongozo wa kimataifa wa 2014 unataka kipimo kirudiwe: mara ya pili wengi huenda mbali zaidi kwa kuwa wameshakizoea. Tofauti ya mita 30 hivi kati ya kipimo cha leo na cha mwezi ujao ndiyo huhesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa.

"Oksijeni yake ni nzuri, tumempima amekaa." Wapo ambao oksijeni yao hushuka wakitembea tu, na wakiketi kidogo hupanda tena. Ukisubiri amalize ndipo umpime, umekosa jibu. Kifaa kikae kidoleni muda wote, na oksijeni ikishuka chini ya asilimia 80, kipimo kinakatishwa.

Mwenye maumivu ya kifua yanayokuja hata akiwa ametulia, au aliyepata shambulio la moyo siku chache zilizopita, hatembezwi kwanza. Huyo aanzie kwa daktari.