Mjamzito Mwenye Ugonjwa wa Akili Anapokataa Upasuaji: Mahakama Hupima Nini?

Mjamzito anayeugua skizofrenia amefikisha wiki ya 36, shinikizo la damu limepanda, protini imeonekana kwenye mkojo, na madaktari wamemweleza kwamba asipozalishwa mapema huenda akapata kifafa cha mimba. Anakataa. Katika wodi nyingi, jambo la kwanza kusemwa baada ya hapo ni kwamba huyu ni mgonjwa wa akili, kwa hiyo kukataa kwake hakuhesabiki. La pili ni kwamba yupo mtoto wa kuokolewa. Kauli zote mbili hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, mbele ya mahakama za Uingereza, ambako mashauri ya namna hii yamesikilizwa kwa zaidi ya miaka 30, hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kuhalalisha kisu.

Sehemu ya tatizo imo katika maneno tunayoyatumia. Tunasema mtu ana akili timamu au hana, kana kwamba akili ni taa ambayo ama inawaka ama imezimwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kufanya uamuzi haiulizi swali hilo. Inaanza kwa kumchukulia kila mtu mzima kuwa anao uwezo huo mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata pale uwezo unapotiliwa shaka, kinachopimwa ni uamuzi mmoja mahususi, kwa wakati mahususi: je, mhusika anaelewa maelezo yanayohusu uamuzi huo, anaweza kuyakumbuka kwa muda wa kutosha, anaweza kuyapima na kuyatumia, na anaweza kueleza alichoamua kwa njia yoyote ile? Mwanamke anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine anaweza kushindwa kusimamia fedha zake na bado akajua vizuri kabisa upasuaji ni nini, una faida gani, na kwa nini haoni sababu ya kuukubali. Sheria hiyo hiyo inatamka kwamba uamuzi usio wa busara peke yake si ushahidi wa kukosa uwezo. Nakiri kwamba kwa mtaalamu wa tiba hiki ndicho kifungu kigumu kukitii, kwa sababu mgonjwa anayekubaliana na daktari ni nadra sana kupimwa uwezo wake.

Shauri lililoweka msingi huo halikuhusu mimba hata kidogo. Mwaka 1993 mwanamume mwenye skizofrenia, aliyekuwa katika hospitali yenye ulinzi mkali nchini Uingereza, alipata gangrini, yaani kuoza kwa nyama, mguuni. Madaktari walikadiria kwamba asipokatwa mguu nafasi yake ya kuishi haikuzidi asilimia 15. Mtu huyu aliamini kuwa yeye mwenyewe alikuwa daktari mashuhuri duniani, imani ambayo bila shaka ilitokana na ugonjwa. Lakini alipoulizwa kuhusu mguu alielewa hatari iliyokuwapo, akaamini alichoelezwa, akakipima, kisha akakataa. Mahakama iliheshimu kauli yake.

Miaka mitatu baadaye ikaja kesi ambayo kila mkunga na kila daktari wa akili angepaswa kuifahamu. Mwanamke mwenye mimba ya wiki 36 aligundulika kuwa na shinikizo kali la damu linaloletwa na mimba, akashauriwa kulazwa, akakataa kwa sababu alitaka kujifungua bila kuingiliwa na tiba. Alikuwa na dalili za sonona. Akazuiliwa chini ya sheria ya afya ya akili, akahamishiwa hospitali nyingine, na hospitali ikaomba mahakamani kibali cha kumfanyia upasuaji. Hakuarifiwa wala hakuwakilishwa, ingawa alikuwa tayari ameshawasiliana na mawakili na ameandika kwa mkono wake kwamba hakubali. Jaji aliambiwa kuwa mama huyo alikuwa na uchungu kwa saa 24, jambo ambalo halikuwa kweli. Mtoto alizaliwa akiwa hai, na wengi wangedhani shauri limeishia hapo. Mwaka 1998 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kuzuiliwa kwake hakukuwa halali na upasuaji wenyewe ulikuwa uvamizi wa mwili wake. Ilibainika pia kwamba katika muda wote aliozuiliwa hakupewa tiba yoyote ya ugonjwa wa akili, yaani sheria ya afya ya akili ilitumika kama kamba ya kumvutia mtu kwenye tiba ya kitu kingine kabisa.

Hayo hayamaanishi kwamba hospitali imefungwa mikono. Wapo wajawazito ambao, kwa kipindi fulani, kweli hawawezi kuupima uamuzi ulio mbele yao. Mwingine, akiwa katika saikosisi, yaani hali ya ugonjwa inayomtenga mtu na uhalisia, anaamini kwa dhati kwamba hana mimba, na kwake maelezo ya hatari kwa mtoto ni hadithi ya mtu mwingine. Mwingine anaamini kwamba dawa ya usingizi ni sumu iliyoandaliwa ili kumwua. Uwezo unaweza kupotea hata bila ugonjwa mkubwa wa akili: mwaka 1997 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza shauri la mwanamke aliyekubali upasuaji lakini kila alipoiona sindano hofu ilimtawala kiasi cha kutoweza kufikiri lolote lingine. Mahakama iliona kwamba kwa dakika zile hofu ilikuwa imemnyang'anya uwezo wa kuamua, ikaruhusu upasuaji alioutaka mwenyewe. Katika hukumu hiyo hiyo, hata hivyo, majaji walisisitiza kwamba mwanamke mwenye uwezo anaweza kukataa tiba kwa sababu nzuri, mbaya, au bila sababu yoyote, hata kama matokeo ni kifo chake au cha mtoto aliye tumboni.

Uwezo ukishathibitika kuwa haupo, mahakama huuliza maslahi ya mwanamke ni yapi, na hapa ndipo wasomaji wengi hushangaa. Kisheria, nchini Uingereza, kijusi si mtu anayejitegemea mbele ya mahakama mpaka kizaliwe. Mahakama ya Juu ya Kanada nayo ilishika msimamo huo mwaka 1997, ilipokataa mjamzito mwenye uraibu wa kunusa gundi azuiliwe kwa ajili ya kumlinda mtoto aliyekuwa tumboni. Lakini mtoto hasahauliki. Huingia kupitia kwa mama. Kama mwanamke huyu alipokuwa na nafuu alifurahia mimba yake, akachagua jina na kuhudhuria kliniki, basi kumwacha ampoteze mtoto kwa sababu ya imani iliyoletwa na ugonjwa ni kumdhuru yeye mwenyewe, tena kwa jeraha atakaloamka nalo siku akipata nafuu.

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ilitengua amri ya jaji aliyeagiza mwanamke mwenye skizofrenia, mwenye umri wa miaka 32, atolewe mimba na pia afungwe kizazi, ilhali hakuna aliyeomba afungwe kizazi. Amri ya kufunga kizazi ilifutwa, na suala la mimba likarudishwa kwa jaji mwingine ili lichunguzwe upya. Mwanamke huyo alikuwa amejieleza kuwa Mkatoliki wa dhati asiyetaka kutoa mimba. Mahakama inayopima maslahi ya mgonjwa bila kusikiliza imani yake, historia yake na alichowahi kusema huishia kupima maslahi ya mtu ambaye mahakama yenyewe inadhani mgonjwa angefaa kuwa.

Lililo muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wakati. Shauri la kwanza la namna hii nchini Uingereza, la mwaka 1992, lilihusu mwanamke asiye na ugonjwa wowote wa akili aliyekataa upasuaji kwa imani yake ya dini. Lilisikilizwa kwa muda usiofika nusu saa, mwenyewe akiwa chumba cha kujifungulia bila wakili. Haki haitendeki vizuri kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mwaka 2014 mwongozo wa jaji mmoja nchini humo ulitaka maombi ya aina hii yafikishwe mahakamani angalau wiki nne kabla ya tarehe inayotarajiwa ya kujifungua, ili ripoti za daktari wa akili na za daktari wa uzazi ziandikwe, mwanamke apate mtu wa kumsemea, na njia nyepesi zaidi zijaribiwe kwanza. Mara nyingi njia hizo zipo: mkunga anayemwamini, maelezo yaliyorudiwa kwa utulivu, chumba chenye watu wachache, au dawa zilizorekebishwa mapema.

Suala la dawa linahitaji neno la ziada, kwa sababu migogoro mingi huanzia hapo. Mwanamke hugundua ana mimba, anaogopa, anaacha vidonge siku hiyo hiyo, na miezi michache baadaye anarudi akiwa katika hali ambayo hawezi tena kuamua. Hofu yake ina msingi: valproeti, dawa ya kifafa na ya baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), husababisha ulemavu wa kuzaliwa kwa takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia, na matatizo ya ukuaji wa akili kwa watoto wengi zaidi ya hapo. Lakini dawa zote hazilingani, na kuacha ghafla, hasa lithiamu, inayotumika pia kwa baipola, huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi kwa nguvu. Uamuzi huo ufanywe pamoja na daktari, ikiwezekana kabla ya mimba kutungwa, na hapo ndipo pia mwanamke anapoweza kuandika, akiwa na nafuu, jinsi anavyotaka kujifungua, tiba asiyoitaka, mtu wa kuulizwa kwa niaba yake, na ishara zinazoonyesha kwamba ameanza kuugua tena. Jaji akiletewa karatasi hiyo hana haja ya kukisia.

Neno amri lenyewe hupotosha. Kwa kawaida mahakama haimwagizi daktari apasue. Inatamka kwamba akifanya hivyo hatakuwa amevunja sheria, na huweka mipaka: nani anaweza kumshika mgonjwa, kwa nguvu kiasi gani, dawa ya kutuliza itumike lini. Mwanamke akibadili mawazo na kukubali, au uchungu ukienda vizuri, kibali hicho hukaa ndani ya jalada bila kutumika. Wala hakiamui nani atamlea mtoto; hilo ni shauri jingine, lenye ushahidi wake. Wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua ndizo ambazo saikosisi ya uzazi, inayompata mama 1 au 2 kati ya kila 1,000 na takriban 1 kati ya 5 wenye ugonjwa wa baipola, hujitokeza zaidi. Hivyo timu iliyokwenda mahakamani inapaswa kuwa bado ipo kando ya kitanda chake siku hizo, ikimweleza alichofanyiwa na kwa nini, kwa kuwa huenda yeye ndiye mtu pekee chumbani asiyekikumbuka.