Kifungua kinywa bila gluteni: maana yake, na cha kula asubuhi ukiwa Kigoma au Tabora

Chukua unga wa ngano kiasi cha kujaza kiganja, ukande kwa maji mpaka liwe donge laini, liache litulie nusu saa. Kisha lioshe kwenye bakuli la maji huku ukiliminyaminya. Maji yatageuka meupe. Huo ni wanga unaotoka. Badilisha maji, endelea kuosha mpaka weupe uishe. Mkononi utabakiwa na kitu cha rangi ya kijivu, kinachovutika na kurudi kilipokuwa. Hiyo ndiyo gluteni. Ni protini iliyomo ndani ya punje yenyewe ya ngano tangu shambani, wala si kemikali iliyotiwa kiwandani.

Jaribu hivyo hivyo kwa unga wa mahindi, wa mchele au wa muhogo: donge litasambaratika lote na hutabaki na kitu.

Kazi ya gluteni jikoni kila mpika chapati anaijua hata kama hajawahi kusikia jina lake. Ngano ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana zikawa wavu. Wavu huo ndio unaoruhusu chapati kusukumwa hadi iwe nyembamba bila kuchanika. Ndio pia unaonasa hewa ya hamira, andazi likaumuka na mkate ukasimama. Ndiyo maana unga ukishakandwa huachwa upumzike: ukisukumwa papo hapo unajikunja.

Nafaka zenye gluteni ni chache kuliko watu wanavyodhani: ngano, shayiri na rai, pamoja na jamii zake za karibu. Rai huku kwetu haionekani. Shayiri tunakutana nayo zaidi kwenye chupa, yaani bia na vinywaji vya kimea vya viwandani. Ngano basi ndiyo yenye mambo: mkate, chapati, maandazi, sambusa, kalimati, keki, biskuti, tambi na makaroni. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi vya aina zote, magimbi, ndizi, maharage, kunde, karanga, nyama, samaki, mayai na maziwa havina. Oti ziko katikati: zenyewe watu wengi wenye tatizo la gluteni huzimudu, lakini hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo pakiti isiyoandikwa wazi kuwa haina gluteni usiiamini.

Na ugali wa muhogo je, mbona unavutika vile? Swali hilo halikosi kuulizwa Kigoma. Ule ni wanga wa muhogo uliopikwa. Kunata si dalili ya gluteni, vinginevyo bamia ingekuwa ya kwanza kushtakiwa.

Sasa, nani hasa anatakiwa kuiacha? Wa kwanza ni mwenye ugonjwa wa siliaki. Huu si mzio wa kuwashwa ukapona jioni. Kinga ya mwili ya mtu huyu ikikutana na gluteni hugeuka na kushambulia utumbo wake mwembamba, ikabomoa vile vinyweleo vinavyonyonya chakula. Anakula, anashiba, lakini mwili haupati. Matokeo yake ni kuharisha kwa muda mrefu au tumbo kujaa, kupungua uzito, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, mtoto kudumaa, na wengine hupata vipele vinavyowasha kwenye viwiko na magoti. Unarithiwa ndani ya ukoo, ingawa si kila aliyerithi vinasaba vyake huugua. Dunia nzima hukadiriwa kuwapata watu wapatao 1 kwa kila 100. Hauna dawa ya kumeza. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote.

Aliyegundua kwamba ngano ndiyo inayouchochea ugonjwa huu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameshaushuku mkate tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilipofika ile njaa kali ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, ngano ikawa adimu, na watoto waliokuwa wakiugua wakapata nafuu wakati wenzao wakikonda. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1950.

Asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Wasahrawi wa Sahara Magharibi, watu wa ngamia na maziwa ambao ukimbizini walijikuta wakiishi kwa unga wa ngano wa msaada, ni miongoni mwa jamii zenye kiwango kikubwa zaidi kilichowahi kupimwa duniani. Utafiti wa miaka ya 1990 ulikuta asilimia 5.6 ya watoto wao wanao.

Wa pili ni mwenye mzio wa ngano, ambaye hudhurika na ngano tu na huweza kuvimba midomo au kubanwa kifua dakika chache baada ya kula. Wa tatu ni yule ambaye vipimo vyote havioni kitu lakini tumbo lake halitaki ngano. Yupo kweli, ila kabla hujajiweka kundi hilo kumbuka kwamba huku kwetu tumbo kujaa gesi kuna sababu nyingi: minyoo, amiba, vidonda vya tumbo, na maziwa, ambayo watu wazima wengi wa Afrika hawayamudu vizuri. Huenda chai ya maziwa ndiyo mkosaji na andazi linasingiziwa.

Jambo moja la kushika kwa mikono miwili: usiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta askari wa kinga ambao mwili umetengeneza kwa sababu ya gluteni, na ukikaa miezi bila kuila askari hao hupungua, majibu yakatoka safi wakati ugonjwa upo. Baada ya damu, kwa kawaida daktari hushusha kamera tumboni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo. Vipimo hivi huvipati kila zahanati, kwa hiyo anza kwa kumuuliza daktari wa hospitali ya mkoa, Maweni ukiwa Kigoma au Kitete ukiwa Tabora, akuelekeze pa kwenda.

Watu wengine wote, ambao ndio wengi, hawana sababu ya kuihofu gluteni. Ukiacha maandazi ukajisikia mwepesi, sifa hiyo apewe yule uliyemuacha hasa: mafuta na sukari. Na mwenye kisukari asidanganyike, maana muhogo na wali havina gluteni lakini hupandisha sukari vilevile.

Tuje mezani. Mtu wa mjini akiambiwa aache ngano asubuhi hujiona amefungiwa, kwa sababu kitafunwa cha mgahawani kimekuwa chapati, andazi au mkate, basi. Lakini Kigoma na Tabora si nchi ya ngano. Ngano nyingi inayoliwa Tanzania huagizwa kutoka nje, na ile ya kwetu hulimwa nyanda za baridi kama Hanang na Makete. Chakula cha asubuhi cha mikoa hii miwili kilikuwepo kabla ya mfuko wa kwanza wa unga mweupe kushushwa stesheni, na bado kipo sokoni, kama Mwanga na Ujiji kule Kigoma, tena kwa bei nafuu kuliko mkate.

Muhogo ndio mkubwa wao upande wa Kigoma. Wa kuchemsha, na chai ya rangi, ni mlo tayari. Ukiuweka na maharage ya jana yaliyoungwa kwa mawese, unafika saa nane mchana bila kutafuta kitu. Wa kukaanga na kachumbari na pilipili una wapenzi zaidi, ila uliza mafuta, nitafika huko. Chagua muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu ya sianidi, na hauliwi mpaka uloweshwe siku kadhaa, ukaushwe juani ndipo usagwe; kuchemsha peke yake hakutoshi.

Tabora wao wana viazi vitamu, na wana akili ya kuvihifadhi. Michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kukaushwa. Wakati wa kiangazi, viazi vibichi vikiwa haba, michembe hupikwa na karanga zilizotwangwa, na mimi kwa maoni yangu hakuna kitafunwa cha dukani kinachoifikia. Matobolwa hata moto havihitaji, unatafuna hivyo hivyo na chai. Kwa mtoto wa shule mwenye siliaki hicho ndicho cha kumtilia mfukoni, wenzake wakinunua maandazi asibaki anameza mate.

Uji ndio unaostahili heshima kuliko unayopewa. Ulezi una madini ya chokaa mengi kuliko nafaka nyingine tunazozijua, na rangi yake ya udongo isikutishe. Koroga kikombe kimoja cha unga na maji ya baridi, mimina kwenye vikombe vitano au sita vya maji yanayochemka, pika huku unakoroga mpaka harufu ya unga mbichi iishe. Karanga zilizosagwa zinaongeza protini na mafuta, ndimu inakata utamu, na asali ya Tabora inachukua nafasi ya sukari. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Togwa ya kimea cha ulezi nayo haina gluteni. Ni kimea cha shayiri, cha kwenye chupa za kiwandani, ndicho cha kukwepa.

Anayetamani kitu cha kuumuka na cha kukaangwa hajanyimwa. Vitumbua ni mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Nazi ikipanda bei tumia maziwa. Vitakuwa vikavu kidogo lakini vitaiva. Mkate wa kumimina ni ndugu yao. Halafu kuna kile Waganda wanachokiita kabalagala: ponda ndizi kisukari zilizoiva sana, tia unga wa muhogo kidogo kidogo mpaka lipatikane donge, lisukume nene, kata kwa mdomo wa kikombe, kaanga kwa moto wa wastani. Ukishindilia unga mwingi zitakuwa ngumu. Ndizi ndiyo inayoshika donge badala ya gluteni, na ndiyo maana hutaweza kulisukuma jembamba kama chapati. Anayekuahidi chapati ya muhogo inayokunjika kama ya ngano, mwombe aikunje mbele yako.

Supu nayo, badala ya chapati mbili, iagize na ndizi za kuchemsha au magimbi. Mayai yanakubali kila kitu. Na kiporo cha wali au ugali kilichopashwa moto, na maharage au dagaa, ni kifungua kinywa halali kabisa, ingawa siku hizi watu wanakila kwa kujificha utadhani ni aibu.

Kwa mwenye siliaki, chakula kinapatikana. Taabu ni unga wa ngano unaoingia mlango wa nyuma, kwa sababu hata makombo ya chapati yanatosha kuudhuru utumbo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoandikwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 katika kilo moja. Pima sasa mashine ya kusaga ya mtaani: aliyekutangulia kasaga ngano, na unga wake umebaki kwenye kinu na kwenye mfuko. Suluhisho la uhakika ni mashine isiyosaga ngano kabisa. Unga wa lishe wa kununua ni mtego mkubwa zaidi, maana wengi huchanganya mahindi, ulezi, soya, karanga na ngano humo humo. Changanya wako mwenyewe, tena usimamie usagaji.

Mafuta ndiyo yale niliyosema. Karai lililokaanga sambusa na maandazi alfajiri ndilo linalokaanga muhogo saa mbili. Wapo wapishi wanaotia ngano kidogo kwenye vitumbua ili visivunjike, na kwenye bagia pia, wala hawana nia mbaya. Basi uliza kwa adabu: "Shikamoo mama. Hivi vitumbua ni mchele mtupu, au umetia na ngano? Tumbo langu haliiwezi." Ukisema tumbo utajibiwa ukweli, ukisema gluteni utatazamwa. Nyumbani, kibao cha chapati, chekeche na mwiko wa mgonjwa viwe vyake peke yake.

Jingine linasahaulika. Viwanda vikubwa nchini huongeza madini ya chuma, zinki na vitamini kwenye unga wa ngano, na anayeuacha anaziacha na hizo. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza. Mwenye siliaki, ambaye damu yake mara nyingi tayari ni pungufu, azifidie kwa maharage, mboga za majani na dagaa wa Tanganyika wanaoliwa na mifupa yao. Mawese mekundu yanampa vitamini A.

Mkatoliki mwenye ugonjwa huu aongee na paroko wake, kwa kuwa hostia ni ngano. Kanisa halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, lakini linaruhusu yenye kiasi kidogo mno, na linaruhusu pia kukomunika kwa divai peke yake.

Safarini ni rahisi kuliko watu wanavyohofia. Katika treni ya kati ya Tabora na Kigoma, wauzaji wa stesheni watakuletea dirishani mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi mbivu au mahindi, kutegemea msimu. Samaki wa kukaanga uliza kwanza kama kapakwa unga. Na kama hukumwona aliyemkaanga, ongeza yai.